"Hodi!" "Nani?" "Mimi": mlango wa mashairi ya Kisufi

ZUHURA: Asalaam aleikum wasikilizaji wetu, na wasiosalimiana hivyo, hamjambo. Kaka Khamis, kabla hatujaingia, hebu nikuulize. Umekwenda kwa mtu, umepiga hodi, umeulizwa "nani?" Unajibu vipi?

KHAMIS: Nasema "mimi". Nani asiyesema hivyo?

ZUHURA: Ustadhi wetu wa chuoni alitukataza. Akitusomea hadithi ya Jabir, aliyekwenda kwa Mtume kwa ajili ya deni la baba yake. Akagonga, akaulizwa nani, akasema "ana", yaani mimi. Mtume akarudia, "Ana, ana!" kama mtu asiyelipenda jibu. Basi adabu ni kutaja jina. Miaka zaidi ya mia sita baadaye, Jalaluddin Rumi, mshairi wa Konya aliyefariki 1273, akaueleza mlango wa namna hiyohiyo katika Mathnawi, utenzi wake mrefu.

KHAMIS: Kile kisa cha marafiki wawili.

ZUHURA: Ndicho. Mtu anabisha kwa mpenziwe. "Nani?" "Mimi." Anaambiwa aende zake, bado hajaiva. Anaondoka, anahangaika mwaka mzima, anaungua kwa utengano. Anarudi, anabisha kwa woga. "Nani?" Safari hii anajibu, "Aliye mlangoni ni wewe." Ndipo anaambiwa: madhali wewe ni mimi, ingia, nyumba hii haina nafasi ya "mimi" wawili.

KHAMIS: Dada, hapo ndipo wengi tunaposhtuka, na mimi ni mmoja wao. Ukishasema "ni wewe", mja amekuwa Mola? Kuna neno la kifalsafa, panteizimu, kwamba Mungu na ulimwengu ni kitu kimoja. Spinoza wa Uholanzi aliandika "Mungu, au maumbile" kana kwamba ni majina mawili ya kitu hichohicho. Wako wanaosema Masufi walimtangulia tu.

ZUHURA: Mimi sikubali, na nalisema hili kwa moyo wote. Spinoza anauchukua ulimwengu mzima na kuuliza ni kitu gani. Rumi ana mtu mmoja kizingitini, na mtu huyo anapungua. Hajasema jiwe ni Mungu, mwembe ni Mungu, mimi ni Mungu. Amefuta neno "mimi", basi.

KHAMIS: Na yule Sufi Hallaj je? Yeye hakufuta. Yeye alisema "Ana al-Haqq", na al-Haqq ni jina la Mwenyezi Mungu. Huyo alisema "mimi" waziwazi.

ZUHURA: Na akauawa Baghdad mwaka 922, baada ya miaka mingi gerezani. Siasa za jumba la khalifa nazo zilikuwemo, tusiwatwishe mafakihi peke yao. Lakini msikilize Rumi anavyomtetea, maana mimi niliposoma utetezi huu mara ya kwanza nilikifunga kitabu nikakaa kimya. Anasema watu wanadhani "mimi ni Haki" ni majivuno. Kumbe anayesema "mimi ni mja wa Mungu" ndiye aliyejidai zaidi, kwa sababu ametaja wawili waliopo: yeye na Mungu. Hallaj kajiondoa, kabaki Mmoja.

KHAMIS: Utetezi mzuri. Ila ni wa hatari ukiutoa barazani kwa mtu yeyote.

ZUHURA: Hilo nakubali.

KHAMIS: Ndiyo maana namheshimu Sheikh Ahmad Sirhindi wa India, aliyefariki 1624. Wanafunzi wa njia ya Ibn Arabi, mwanachuoni mkubwa wa Kisufi, walikuwa wakizungumza wahdatul-wujudi, umoja wa kuwepo: kwamba hakuna kilichopo kwa hakika ila Mungu. Sirhindi akasema hapana, ni umoja wa kushuhudia. Akapiga mfano wa nyota. Jua likichomoza huzioni. Usiseme hazipo. Sema macho yako hayaoni ila jua.

ZUHURA: Mfano wa mwanachuoni mwenye busara. Lakini liangalie lenyewe hilo neno wujudi. Kwa Kiarabu linatoka kwenye kupata. Kuwepo ni kupatikana. Sisi tukikutana njiani tunaulizana "Upo?" Jibu "Nipo." Nikimsoma Ibn Arabi, hilo "nipo" linanitoka kwa shida. Nipo kwa nani? Nimepatikana na nani?

KHAMIS: Haya, wape wasikilizaji ndege wa Attar. Najua umekuja nao.

ZUHURA: Faridudin Attar wa Nishapur, muuza dawa na manukato, karne ya 12. Ndege wote wanakusanyika kumtafuta mfalme wao, Simurgh. Hudihudi anawaongoza, nao wanatoa udhuru. Bulbuli hawezi kuliacha waridi. Bundi ana hazina yake kwenye magofu. Wanaondoka maelfu, wanavuka mabonde saba, wengi wanafia njiani. Wanafika thelathini, manyoya yamewapukutika. Na wanafika wapi?

KHAMIS: Mlangoni.

ZUHURA: Mlangoni! Mlinzi anawakatalia kwanza. Mwisho pazia linafunguliwa, wanamtazama Simurgh, wanajiona wao. Kwa Kifarsi si ni thelathini, murgh ni ndege. Mshairi ameusubiri mchezo huo wa maneno kwa maelfu ya beti.

KHAMIS: Kwa hiyo wao ndio mfalme.

ZUHURA: Subiri. Wanaambiwa hapa ni kioo. Mmekuja thelathini, mmeona thelathini. Mngekuja arobaini, mngeona arobaini. Kioo, Khamis. Uso unaonekana kiooni, lakini kioo hakikuwa uso. Kisha wanapotea humo kama kivuli juani.

KHAMIS: Kama nyota za Sirhindi.

ZUHURA: Attar alitangulia kwa miaka mia nne. Naye hakuishia kwenye kivuli. Baada ya zama na zama, ndege wale wanarudishiwa nafsi zao.

KHAMIS: Wakiwa ndege, au wakiwa Simurgh?

ZUHURA: Hapo Attar anasema maneno hayafiki.