Uvimbe wa Kongosho: Matundu Madogo, Roboti au Tumbo Wazi?

Ndugu zangu madaktari, wauguzi na wanafunzi,

Kila ninapoulizwa ipi njia bora ya kuondoa uvimbe wa kongosho, nami huuliza: uvimbe uko wapi?

Ukiwa mkiani mwa kongosho, upande wa wengu, kazi ni kukata na kufunga. Hakuna cha kuunganisha upya. Huko upasuaji wa matundu madogo, yaani kupitisha kamera na vifaa kwenye matundu tumboni, umeshajithibitisha. Katika utafiti wa LEOPARD wa Uholanzi, wenye wagonjwa 108, waliopasuliwa kwa matundu walijimudu tena baada ya takriban siku 4, wenzao wa tumbo wazi siku 6. Damu iliyopotea pia ilikuwa kidogo zaidi.

Uvimbe ukiwa kichwani mwa kongosho, mambo ni mengine kabisa. Unaondoa kichwa cha kongosho, mwanzo wa utumbo mwembamba, kifuko cha nyongo na kipande cha mrija wake. Kisha unaunganisha utumbo na kongosho, na mrija wa nyongo, na mfuko wa chakula. Mshono wa kongosho na utumbo ndio unaotunyima usingizi. Mrija wa kongosho unaweza kuwa na upana wa milimita 2 au 3 tu, na kongosho likiwa laini, uzi hulichana. Mshono ukivuja, majimaji yaliyoumbwa kumeng'enya chakula huanza kula mishipa ya damu iliyo jirani, na mgonjwa aliyeonekana anaendelea vizuri anaweza kuvuja damu ghafla siku nyingi baadaye.

Ndiyo maana LEOPARD-2, utafiti uliolinganisha matundu na tumbo wazi kwa kichwa cha kongosho, ilisimamishwa kabla ya wakati. Ndani ya siku 90, matatizo ya upasuaji yaliua wagonjwa 5 kati ya 50 wa matundu, dhidi ya 1 kati ya 49 wa tumbo wazi. Na wapasuaji wale walikuwa wamepitia mafunzo maalumu! Utafiti wa China wa mwaka 2021, wenye wagonjwa 656 na wapasuaji waliokwishafanya zaidi ya pasuaji 100 za aina hii kwa matundu kila mmoja, ulikuta vifo viko sawa kwa njia zote mbili. Faida ya matundu ilikuwa kupunguza kama siku moja tu ya kulazwa.

Roboti husaidia kushona, kwani vifaa vyake hujipinda na picha ina kina. Lakini haimpi mpasuaji uzoefu asiokuwa nao. Hospitali inayopasua kichwa cha kongosho mara chache kwa mwaka, naisihi ifungue tumbo, au impe mgonjwa rufaa mapema.