Fangasi wa mapafu, na askari wanaobomoa nyumba wanayoilinda

Habari za mchana jamani, huko nyuma mnanisikia? Haya. Najua wengi mkisikia fangasi mnawaza vidole vya miguu, au ule utando mweupe wa mdomoni, lakini wa leo anakaa ndani ya mapafu, anaitwa Pneumocystis jirovecii, nimonia yake tunaiita PCP, na nyie wa CTC, kliniki ya wenye VVU, mnamjua hata kama hamjawahi kumuona kwa darubini, maana ile Septrin mnayogawa, yaani kotrimoksazoli, kazi yake mojawapo ni kumzuia yeye.

Miaka mingi sana watu walidhani ni protozoa, vijidudu vya chembe moja kama wale wa malaria, mpaka 1988 walipochunguza jeni zake ndo wakasema kumbe ni kuvu. Tena kuvu wa ajabu, kwenye utando wake hana yale mafuta ya ergosteroli ambayo flukonazoli, dawa yetu ya fangasi, inayalenga, kwa hiyo usimwandikie mgonjwa flukonazoli ukadhani umemtibu, hapo umempotezea siku tu. Na ile taarifa ya tarehe 5 Juni 1981 kule Marekani, ya kwanza kabisa kuhusu ugonjwa ambao baadae uliitwa ukimwi, ilihusu vijana watano wa kiume wa Los Angeles waliokuwa na nimonia hii hii.

Sasa twende ndani ya kifua. Kwenye vifuko vya hewa kuna chembe zinaitwa makrofeji, hizo ndo walinzi wa getini, kuvu akiwa kwenye umbo lake la ganda anakuwa na sukari ya betaglukani ukutani, makrofeji ina kipokezi cha kuinasa, inamshika inammeza. Ila umbo lake lingine halina hiyo sukari, linapita hivi hivi. Halafu makrofeji inahitaji CD4, zile chembe za kinga zinazouawa na VVU, ya kuichochea, CD4 zikishuka chini ya 200 walinzi wapo lakini wanasinzia, fangasi anazaana taratibu wiki baada ya wiki, mtu ana kikohozi kikavu na pumzi inakata akipanda ngazi, ukipiga eksirei unaweza ukakuta iko safi kabisa. Ndo maana nawaambiaga mpime oksijeni akiwa amekaa, halafu mtembeze kidogo mpime tena, ikiporomoka usimrudishe nyumbani na dawa ya kikohozi.

Hapa ndo pananikosesha usingizi mimi. Walichukua panya wa maabara wasio na limfosaiti, yaani zile chembe za kinga kama CD4 na CD8, wakawaambukiza, mapafu yakajaa kuvu lakini panya wanahema vizuri tu karibu mpaka mwishoni, wakawapa chembe za kinga kutoka kwa panya wazima, yaani wakawaletea msaada, basi hapo hapo mapafu yakakakamaa pumzi ikawa shida. Kwa binadamu ni vile vile. Mgonjwa wa VVU anakuwa na kuvu wengi na nyutrofili, zile chembe nyeupe za damu, chache, yule wa saratani au aliyepandikizwa figo ana kuvu wachache na nyutrofili kibao, na huyu wa pili ndo anazidiwa ndani ya siku chache na ndo anakufa zaidi. Kwa hiyo kinachofunga pumzi sana sana ni ile inflamesheni, yaani uvimbe unaoletwa na kinga yenyewe, CD8 na nyutrofili zinapigana bila kamanda mpaka zinabomoa kuta za vifuko vya hewa.

Eeh, nimeuona mkono, mama wa pale mbele? Anauliza, mbona mgonjwa wa PCP tunampa prednisoloni, dawa ya steroidi, wakati inashusha kinga. Swali zuri. Septrin ya dozi kubwa ikianza kuua kuvu, mabaki yao yanamwagika ndani, askari wanachachamaa, mgonjwa siku ya tatu ya nne anazidi badala ya kupata nafuu na ndugu wanaanza kusema dawa haimfai. Mwaka 1990 ndo ilikubalika kwamba mwenye VVU ambaye oksijeni ya damu ya ateri (PaO2, siyo ile asilimia ya kidoleni) iko chini ya milimita 70 za zebaki apewe prednisoloni ndani ya saa 72 za mwanzo, miligramu 40 mara mbili kwa siku siku 5, kisha 40 mara moja siku 5, kisha 20 kwa siku 11, jumla 21 sawa na Septrin yenyewe. ARV kama hajaanza aanze ndani ya wiki mbili, ila mfuatilie, CD4 zikirudi zinaweza zikaamsha ugomvi upya.

Na kuna mgonjwa tunayemsahau, hana VVU wala hajawahi kukanyaga CTC, anameza prednisoloni miezi na miezi kwa ajili ya lupasi, ule ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wake, au figo, na hakuna aliyemwandikia Septrin. Tena mara nyingi haji wakati dozi iko juu, anakuja mnapoanza kuipunguza, kinga inaamka inakuta kuvu wameshajaa ndani. Ukimkuta huyo anahema mbio usiku wa zamu yako, muulize kwanza dozi ilipunguzwa lini.