Kati ya Habari Moja na Nyingine: Mhadhara kwa Vijana wa Filamu, Kisumu

Hamjambo, vijana. Naona kamera tatu humu ndani na simu zisizo idadi, kwa hiyo najua nazungumza na watu wa kazi.

Habari za mwelekezi wa filamu hutufikia zikiwa zimeiva: fulani kashinda, fulani kaitwa tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Leo tuhesabu miaka iliyolala katikati.

Chukueni Wanuri Kahiu, mwelekezi wetu wa Kenya. Mwaka 2009 filamu yake From a Whisper, iliyotokana na shambulio la bomu la Nairobi la 1998, ilimpa tuzo ya mwelekezi bora ya AMAA, tuzo za filamu za Afrika. Mwaka huohuo akatoa Pumzi, filamu fupi ya dunia iliyokauka, ambamo mwanamke anaingia jangwani na mche mmoja na kuutilia maji yake ya mwisho. Msicheke ati sisi tuna ziwa. Anayenunua maji kwa mtungi mtaani Manyatta, hapa Kisumu, anaielewa filamu hiyo kuliko mimi.

Halafu? Filamu yake ndefu ya kuigiza iliyofuata, Rafiki, ilitoka 2018. From a Whisper ni ya 2008. Miaka kumi! Magazeti hayaandiki miaka ya kubisha milango ya wafadhili.

Rafiki ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes. Nyumbani ilipigwa marufuku siku chache kabla ya kuonyeshwa huko, kwa kuwa inasimulia mapenzi ya wasichana wawili. Wanuri akaenda kortini. Ili Kenya iweze kuipeleka kushindania Oscar, tuzo kubwa za filamu za Marekani, kanuni zilitaka filamu iwe imeonyeshwa nchini mwake siku saba mfululizo, na Septemba Mahakama Kuu ikampa siku saba hasa, kwa watu wazima tu. Nairobi watu wakajaa kumbini.

Mwishowe Kenya ikapeleka kwenye Oscar Supa Modo ya Likarion Wainaina, ile ya binti mgonjwa ambaye kijiji kizima kinamtengenezea filamu yake ya ushujaa. Filamu nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini mtu akiniambia Wanuri aliambulia patupu, nabisha. Siku saba za Wakenya kukaa gizani na filamu yao wenyewe, mimi naziweka juu ya zulia jekundu.

Mwaka 2022 Netflix ikatoa Look Both Ways, aliyoielekeza Marekani. Hiyo mnaijua, naipita.

Haya, zimeni taa. Nani anaanza kutuonyesha alichoshuti?