Kugawa Ardhi Si Kumsaidia Mkulima: Wanajeshi Walowezi wa Kenya, 1919

Ndugu zangu, habari za vita vya 1914 hadi 1918 katika Afrika Mashariki mnazijua, kwa hiyo naingia moja kwa moja mashambani.

Mwaka 1919 serikali ya Gavana Northey ilitenga ekari zipatazo milioni mbili kwenye nyanda za juu za Kenya kwa wanajeshi waliotoka vitani, wenye asili ya Ulaya peke yao. Mashamba yalizidi 1,000. Kura za bahati za kuyagawa zikapigwa Nairobi, katika ukumbi wa Theatre Royal, na nyingine London. Mashamba madogo, ya ekari 160 hivi, yalitolewa bure. Makubwa yalilipiwa kidogo kidogo. Huu ndio unaoitwa msaada wa serikali, na hapo ndipo ninapopinga kila nikipewa nafasi ya kusema. Serikali iligawa ardhi. Mtaji haikutoa. Benki ya Ardhi ilikuja kuanzishwa 1931, miaka 12 baada ya kura, walioshindwa wakiwa wamekwisha ondoka zamani.

Mkulima mwenye shamba asiye na mtaji atapanda chochote kitakachompa fedha mwaka huo huo. Kahawa humngojesha miaka mitatu au minne kabla ya mavuno ya maana, na mkonge ni vivyo hivyo. Kitani, mmea wa nyuzi za kufumia nguo, kilikuwa tayari kwa siku 100 hivi, na mwaka 1920 tani moja ya nyuzi zake ilifika karibu pauni 500. Wakakimbilia kitani.

Wanaosema walowezi hawa walianguka kwa sababu ya uvivu na ulevi hawajajiuliza kitani kinatayarishwaje. Hakikatwi kwa mundu. Hung'olewa kwa mkono pamoja na mizizi, ili urefu wa uzi usipotee. Kinafungwa matita, kinakaushwa, kinapurwa mbegu, kisha kinalowekwa ndani ya maji siku kadhaa, na hapo ndipo hasara huanzia. Ukikitoa mapema, nyuzi zinang'ang'ania kwenye bua na kukatika kinapopondwa. Ukichelewa hata siku moja au mbili kwenye maji ya vuguvugu, uzi wenyewe unaoza. Maji ya baridi huchelewesha kazi, maji yenye kutu ya chuma hutia madoa, na maji yaliyokwisha tumika yananuka na kuua samaki wa mto. Kikitoka majini kinatandazwa kikauke. Mvua ikinyesha mfululizo, kama inavyonyesha Kericho, mzigo wote unaota ukungu. Baada ya hapo unahitaji mashine ya kuponda na kupepeta. Kilo 100 za mabua makavu hutoa kilo 15 hivi za nyuzi nzuri. Kwa hiyo kila shamba lilihitaji bwawa, kiwanda na vibarua wengi kwa msimu mmoja mfupi, na vyote hivyo vililipiwa kwa fedha za kukopa.

Na barabara? Reli ilifika Eldoret mwaka 1924. Kabla ya hapo mzigo wa Uasin Gishu, nyanda zinazouzunguka mji huo, ulibebwa kwa magari ya ng'ombe hadi stesheni ya Londiani, na wakati wa mvua magurudumu yalizama matopeni hadi ekseli.

Najua mtu ataniambia: bei ilianguka, serikali ingefanya nini? Kweli ilianguka; mwaka 1921 tani haikufika pauni 100. Lakini ile bei ya juu ilitokana na nini? Urusi, muuzaji mkubwa kuliko wote, ilikuwa imevurugwa na vita na mapinduzi, na mashamba ya Ubelgiji yalikuwa yamegeuzwa uwanja wa mapigano. Bei ya namna hiyo haidumu, na mshauri yeyote wa kilimo angeweza kulisema hilo mwaka 1919.

Tena serikali yenyewe iliongeza deni. Rupia 15 zilikuwa pauni moja. Mwaka 1920 ikaamuliwa rupia iwe na thamani ya shilingi mbili, yaani rupia 10 kwa pauni. Piga hesabu. Aliyekopa rupia 1,500 alikuwa anadaiwa pauni 100. Baada ya uamuzi huo anadaiwa pauni 150, na mazao yake yanauzwa Ulaya kwa pauni. Nusu nzima ya deni imeongezwa bila yeye kukopa senti.

Kericho walipelekwa maofisa waliopata ulemavu vitani, ekari 25,000, nao wakawekwa kwenye kitani. Mpango ukafa, na ardhi ile ikaishia kwa kampuni za chai.

Australia nayo iliwapa wanajeshi wake mashamba, lakini ilifanya kinyume, ilikopesha, na bado ikapata hasara. Jaji Pike wa huko alipoichunguza hasara hiyo mwaka 1929 alitaja sababu nne: uhaba wa mtaji, udogo wa mashamba, watu wasiofaa kwa ukulima, na kuanguka kwa bei. Kenya ilikuwa na tatu kati ya hizo siku ya kwanza.

Muda unanibana, na yaliyobaki ni mazito. Gharama ilishushwa kwa kibarua: kipande, yaani kitambulisho cha lazima cha mfanyakazi Mwafrika, kikasambazwa, kodi ya Waafrika ikapandishwa hadi shilingi 16, na mwaka 1921 waajiri wakaamua kukata mishahara kwa theluthi moja. Harry Thuku, kiongozi wa Waafrika waliopinga hatua hizo, alitokea hapo. Wanandi walinyang'anywa ardhi Kipkarren na Kaimosi. Kiongozi wao Barsirian arap Manyei alikamatwa 1923, akaachiliwa 1964. Wapagazi wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza, waliokufa kwa makumi ya maelfu, hawakuingizwa kwenye kura yoyote, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao.

Baada ya vita vya pili vya dunia serikali ilirekebisha baadhi ya makosa hayo: mwanajeshi wa Kizungu aliweza kupata mafunzo ya ukulima katika shule ya Egerton, Njoro, kabla ya kushika shamba. Askari Mwafrika aliyerudi kutoka Burma, akibahatika, alipelekwa Jeanes School, Kabete, kujifunza ufundi au kuendesha duka. Ardhi kwenye nyanda zile hakupewa. Karibuni maswali.