Hadaa si uongo tu

Hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia: anayefasiri hadaa kuwa "uongo" kisha akafunga kamusi, kazi hajaifanya. Saa mbovu hudanganya, ukiifuata utachelewa. Lakini nani husema saa imemhadaa? Saa haina nia. Hadaa hutaka mkusudiaji, na hutaka chambo. Unaweza kumhadaa mtu bila kutamka uongo hata mmoja: unamwonyesha upande mzuri, unaficha mbovu, anajipeleka mwenyewe.

Sasa asili. Anzieni mwisho wa neno. Vitenzi vyetu vya Kibantu kama kaa, vaa na zaa vilimeza l, na ukivinyambua inarudi: kalia, valia, zaliwa. Jaribuni hadaa. Tunapata hadaika, hadaiwa, "hadalika" hakuna. Basi kilichomezwa pale si l, ni aini, ile herufi ya Kiarabu inayotamkwa kooni: khadaa, yenye aini mwishoni. Aini hiyohiyo ndiyo iliyotuachia aa katika saa, tamaa, bidhaa na jamaa. "Dunia hadaa, ulimwengu shujaa": vina mnavyovisikia hapo ni aini mbili zilizopotea njiani.

Naona mkono unataka kunyooka: mbona sahau, nalo la Kiarabu, hutoa sahauliwa? Lile linaishia na -au, lina kanuni yake, tusichanganye madawa. Na mwenye kulalamika kwamba namwarabisha Mswahili, anijibu: hiyo -ika ya hadaika Mwarabu ameitoa wapi?

Wengi huteleza kwenye h. Hii yetu moja imebeba sauti tatu za Kiarabu. Hadaa ina kha, kama habari, ambayo wengine bado huitamka khabari. Hewa ina ha nyepesi. Hila ina ile ya kooni. Usipozitenga utaokota ndugu wasio ndugu. Hila na hali ni wa shina moja, herufi ha hiyo ya kooni, wau (w) na lamu (l), lenye maana ya kugeuka. Ndiyo maana hila ni mbinu ya kugeuza mambo kabla haijawa ubaya. Mahali, linalofanana nao kwa sura, ni la ukoo wa halali, lamu mbili. Kila mwaka kuna anayewaunganisha.

Ghushi, neno jingine la udanganyifu, nilikusudia kuipa robo saa, na robo saa hiyo imeliwa na aini. Kwa ufupi: ni kuchanganya kibovu na kizuri, kama maji ndani ya maziwa, kisha kuuza vyote kwa jina la kizuri. Haya, yule aliyekuwa na mkono wa sahau, uliza.