Komeo la Tundu la Nne

MWALIMU: Wasikilizaji wetu, karibuni tena. Leo tulipanga mafunzo matatu kuhusu kuwashirikisha wanafunzi katika afya ya shule, lakini jambo lililonikuta Jumanne bado halijanitoka moyoni. Niliwaomba wanafunzi wa darasa la sita wachore ramani ya shule na kutia wino mwekundu mahali wanapopaogopa. Nilitarajia barabara kuu. Wasichana, karibu wote, walitia wino kwenye tundu la nne la choo chao.

MUUGUZI: Lina nini, Mwalimu?

MWALIMU: Halina komeo. Mmoja huingia, mwenzake akaushika mlango kwa nje. Asiye na wa kumshikia hujibana hadi kengele ya kurudi nyumbani, na wapo walioacha kunywa maji asubuhi.

MUUGUZI: Hilo ni zito. Kujibana mkojo kila siku huchangia maambukizi ya njia ya mkojo, na mtoto asiyekunywa maji huumwa kichwa, somo likampita. Sasa fikiria msichana aliye katika hedhi.

MWALIMU: Na mwongozo wa Tanzania unataka tundu 1 kwa wasichana 20, na 1 kwa wavulana 25. Tundu hilo tumelihesabu kila muhula, taarifa ikapendeza, na hatukuwahi kuwauliza wanaoingia humo.

MUUGUZI: Turudi kwenye mafunzo yetu, basi. Mtafiti Roger Hart, katika chapisho la UNICEF la mwaka 1992, aliufananisha ushirikishwaji wa watoto na ngazi yenye vidato 8, na vidato 3 vya chini hakuviita ushirikishwaji. Ndiko aliko mtoto anayefundishwa ngonjera ya kunawa mikono ili aighani mbele ya mgeni rasmi.

MWALIMU: Komeo ndilo linalotupandisha ngazi hiyo, Dada. Nataka baraza la wanafunzi likague makomeo kila Ijumaa, na sehemu ya fedha za ukarabati itumike kwa uamuzi wao.

MUUGUZI: Hapo sikubali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni. Haikumtwika kazi tuliyoshindwa sisi. Komeo likikosekana mwezi ujao, atalaumiwa kiranja wa afya mwenye miaka kumi na miwili.

MWALIMU: Maoni yasiyo na fungu la fedha huishia daftarini. Nimeyaona madaftari hayo kwa macho yangu.

MUUGUZI: Nami nimewatibu watoto waliobebeshwa mambo ya wakubwa. Wao waseme, sisi tutengeneze, kisha tuwarudie na jibu. Siondoki hapo.

MWALIMU: Nami siondoki hapa. Ila seremala amekwisha kuja, komeo limefungwa vizuri kabisa, usawa wa kifua changu.

MUUGUZI: Kifua chako? Na mtoto wa darasa la kwanza atalifikiaje?

MWALIMU: Sikuliwaza hilo.

MUUGUZI: Muda umetuishia, na hatukugusa hata funzo la pili. Jumatatu utafanya nini?

MWALIMU: Nitawaita wadogo wasimame mlangoni, wanioneshe kwa mikono yao mahali pa kulishusha.