Macho Mazima Yasiyokaa Wazi

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kunikaribisha. Ugonjwa nitakaouzungumzia unaitwa blefarospazimu. Wanaoupata ni wachache, na wengi wao huhangaika muda mrefu kabla ya kuambiwa wanaumwa nini. Ukiwapima unakuta lenzi safi na retina isiyo na kasoro. Ukiwashikia kope wanaisoma chati vizuri tu. Ila kope zenyewe hazikai wazi, na mtu mwenye macho mazima anaishi kama asiyeona.

Mtu mzima hupepesa macho kama mara 15 hadi 20 kwa dakika ili machozi yaenee juu ya jicho. Msuli uliolizunguka jicho hufumba, na mwingine ulio ndani ya kope ya juu huinua. Mmoja ukikaza, mwenzake hulegea. Katika blefarospazimu msuli wa kufumba hukaza bila mwenyewe kutaka, tena macho yote mawili. Hitilafu iko ubongoni, kwenye mtandao wa sehemu zinazoratibu mwendo wa misuli. Kwa hiyo madaktari wa neva wanauweka kwenye kundi la distonia, yaani magonjwa ambayo misuli hukaza yenyewe bila mtu kutaka, pamoja na ugonjwa wa shingo kujipinda na ule wa mkono kukakamaa mtu anaposhika kalamu.

Huanza polepole, mara nyingi kati ya umri wa miaka 50 na 70, na huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Mgonjwa anahisi kama ana mchanga machoni, mwanga unamchoma, anapepesa kupita kiasi. Ananunua dawa ya matone, anabadilisha miwani. Baadaye kope zinajifunga kwa sekunde kadhaa, halafu kwa muda mrefu zaidi, na hapo kuendesha gari kumekwisha, hata kuvuka barabara ni hatari. Akilala usingizi, misuli inatulia.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini. Wagonjwa wengi hugundua wenyewe kwamba wakigusa panda la uso kwa kidole, wakipiga mluzi, wakiimba au hata wakizungumza, kope zinafunguka kwa muda. Utamwona mtu amekaa mbele yako, uso umekunjamana, nyusi zimeinuka kwa jitihada ya kufungua macho. Anaweka kidole kando ya jicho, na macho yanafunguka. Aliye karibu naye anasema, "Kumbe anaweza! Anajifanya huyu." Neno hilo limewaumiza watu wengi wasio na kosa. Mguso ule hubadilisha taarifa zinazofika ubongoni, na sisi tunaotibu tunauchukulia kuwa dalili mojawapo ya distonia. Hata udaktari wenyewe ulikosea hapa: kwa miongo mingi wagonjwa hawa walihesabiwa kuwa na matatizo ya akili. Mwaka 1976 daktari wa neva wa Uingereza, David Marsden, alitetea kwa maandishi kwamba hii ni distonia.

Msiondoke hapa na hofu, lakini. Kope moja kucheza kwa siku chache, hasa ukiwa umechoka, hujalala au umezidisha kahawa, ni jambo la kawaida na hupita lenyewe. Misuli ikivuta upande mmoja wa uso, jicho pamoja na shavu, huo ni ugonjwa mwingine. Mara nyingi mshipa wa damu unaugandamiza mshipa wa fahamu wa uso. Na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na za kuzuia kutapika zinaweza kuleta hali inayofanana na blefarospazimu.

Tiba kuu ni sumu ya botulinamu, sumu itokayo kwa bakteria inayolegeza misuli, kwa kiasi kidogo sana. Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, alikuwa akitafuta njia ya kunyoosha makengeza bila kisu alipoanza kuitumia. Desemba 1989 Marekani iliidhinisha itumike kwa makengeza na kwa blefarospazimu. Inachomwa kwa sindano nyembamba kuzunguka macho, na huzuia neva isiuamrishe msuli kukaza. Nafuu huanza baada ya siku chache, hudumu kama miezi 3, kisha sindano inarudiwa. Kope inaweza kushuka, jicho likakauka, au mtu akaona vitu viwili viwili, lakini hayo huisha dawa inapopungua nguvu. Haiponyi, humrudishia mtu macho yake kwa msimu. Vidonge huwasaidia wachache, na upasuaji wa kupunguza msuli tunawabakizia wale ambao sindano imeshindwa kuwasaidia.

Kama una ndugu mwenye dalili hizi, mpige video fupi kwa simu akiwa nyumbani au juani. Mara nyingi mgonjwa akifika mbele ya daktari na kuanza kujieleza, macho yanatulia, na anarudishwa nyumbani akiambiwa hana kitu. Mwende na video hiyo, pamoja na dawa zote anazotumia.